Nilimwita mke wangu mlevi, kumbe ni uvimbe kwenye kongosho

Shikamoo mama,

Nina miaka 41, mke wangu ana 38, na tuna binti mmoja wa miaka 11. Ninaandika usiku, wao wamelala. Mezani nina kipimo cha sukari, daftari la kuandikia namba, na bilauri ya maji ya matunda ninayoiandaa kila jioni.

Yalianza miaka mitatu iliyopita. Alfajiri, kabla hajatia kitu mdomoni, mke wangu alikuwa anaamka akiwa si yeye. Shuka limelowa jasho, mikono inatetemeka, ananikodolea macho kama hanijui. Siku moja nilimkuta ukingoni mwa kitanda anafunga vifungo vya blauzi. Kila kifungo kilikuwa kimeingia tundu la mwenzake. Akavifungua vyote, akaanza upya, akakosea vilevile. Nilipotaka kumsaidia alinisukuma na kunitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika. Baadaye akanywa kitu, akatulia, akaniuliza mbona nimenuna. Hakukumbuka lolote.

Nilidhani anakunywa pombe kwa siri. Nilipekua kabati lake, nikamnusa mdomo akiwa usingizini. Sikukuta kitu, nikajiambia anajua kuficha. Kuna siku nilimwita mlevi mbele ya mama yangu. Hakujibu. Aliinuka tu, akaenda kulala chumbani kwa mtoto.

Kisha akaanguka bafuni, mwili ukatikisika, tukaambiwa ni kifafa. Alimeza dawa za kifafa mwaka mzima na miezi miwili. Hali haikubadilika, na juu yake akaongezeka kilo 11, kwa sababu alikuwa anaamka usiku kula. Alisema akila ndipo anapopata nafuu. Nikamwambia tatizo lake ni kukosa kiasi.

Aliyejua ni binti yetu. Alikuwa na miaka tisa aliponiambia, "Baba, mama akinywa kitu kitamu anarudi." Alikuwa ameshaanza kuficha chupa ya maji ya matunda chini ya kitanda chake kwa ajili ya mama yake. Nilimjibu kwamba mambo ya wakubwa hayamhusu.

Miezi minne iliyopita mke wangu alizimia kazini. Daktari wa zamu, kijana kabisa, alimchoma kidole kabla ya jambo lingine lolote. Sukari ilikuwa 2.2, chini mno. Wakamtundikia dripu ya glukosi, na dakika chache baadaye akaniita kwa jina. Akalazwa kwa kipimo cha kukaa bila kula, kinachoweza kufika saa 72. Yeye hakufika mbali. Saa ya 21 sukari ilishuka hadi 2.1 akaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, wakamtoa damu na kumrudishia sukari. Kabla majibu hayajatoka, muuguzi alimuuliza kama nyumbani kuna mtu anayetumia vidonge vya kisukari. Mama yangu anavitumia. Mke wangu alilia sana siku ile. Alisema, "Hata hapa hawaniamini."

Majibu yalionyesha insulini nyingi kuliko inavyotakiwa. CT skani haikuona kitu. Ultrasaundi iliyopitishwa kooni ndiyo iliyouona uvimbe wa milimita 13 kwenye mkia wa kongosho. Daktari wa upasuaji anasema unatoka. Mke wangu amekataa. Anasema amechoka kuwa mikononi mwa watu, na kwamba dawa aliyopewa, diazoksaidi, inamtosha, ingawa miguu inamvimba na sukari bado inashuka mara mojamoja. Kaka yangu naye, katika kuongeaongea, alisema hata Steve Jobs wa Apple, na fedha zote zile, aliuawa na uvimbe wa kongosho. Tangu hapo hataki mazungumzo.

Kuna jingine. Marehemu baba mkwe aliwahi kupasuliwa shingoni, na mawe ya figo yalimsumbua maisha yake yote. Daktari alipouliza magonjwa ya ukoo, mke wangu alijibu kwamba baba yake alikuwa mzima. Nilikuwa nimekaa hapohapo, nikanyamaza. Njiani akaniambia, "Ukisema, watamgeukia mtoto."

Mama, nifanye nini? Nikimshurutisha akubali upasuaji, nina uso gani wa kufanya hivyo baada ya niliyomtendea? Nikinyamaza, je, nikiamka siku moja nimkute hapumui? Na habari ya baba yake, nimwendee daktari kimyakimya?

Mume mwenye deni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama kwenye vile vifungo vya blauzi. Mtu anayeweza kukumbuka jambo dogo namna ile baada ya miaka mitatu alikuwa anamtazama mke wake, hata kama alikielewa vibaya alichokiona. Nataka uanze na hilo kabla hatujaingia kwenye mazito.

Kwanza nikueleze kilichokuwa kinatokea ndani ya mwili wake, maana naona umeambiwa vipandevipande. Kongosho ina kazi mbili. Sehemu yake kubwa hutengeneza maji ya kusagia chakula. Katikati ya sehemu hiyo kumetapakaa vishada vidogo vya seli ambavyo Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, alivieleza mwaka 1869 bila kujua vinafanya nini. Leo tunaviita visiwa vya Langerhans, na ndivyo vinavyotoa homoni za kupandisha na kushusha sukari. Seli za beta hutoa insulini. Ukila, insulini inapanda. Ukikaa bila kula, seli hizo hutulia, insulini ikashuka, nawe ukalala usiku kucha bila sukari kukuishia. Uvimbe wa mke wako umeota kutokana na seli za aina hiyo, ila wenyewe hautulii. Unaendelea kumwaga insulini usiku kucha, na alfajiri, saa nyingi baada ya mlo wa mwisho, ndipo akiba inapokuwa imekwisha. Zile kilo 11 ulizoziita kukosa kiasi zilikuwa mwili unajiokoa.

Sukari inapoanza kushuka, mwili hupiga kelele kwanza: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Ikishuka zaidi, ubongo wenyewe unakosa chakula, kwa kuwa kwa kawaida hutegemea glukosi. Hapo mtu huchanganyikiwa, hutukana, hushindwa kufunga kifungo, na mwisho hutikisika kama mwenye kifafa au kuzimia. Kwa hiyo maneno aliyokutolea alfajiri ile usiyaweke moyoni kama siri yake iliyotoboka. Aliyatamka ubongo ukiwa na njaa. Yako wewe, mwanangu, uliyatamka ukiwa na akili zako zote. Sikwambii hivi ili kukuumiza. Nakwambia kwa sababu nimeona mahali katika barua yako ulipotaka kuyapima kwenye mizani moja, na mke wako ataligundua hilo haraka kuliko mimi.

Hata hivyo, hukupotea peke yako. Uvimbe huu, unaoitwa insulinoma, huwapata watu kama mmoja hadi wanne tu katika kila milioni kwa mwaka. Madaktari wengi hustaafu hawajauona. Wagonjwa kuandikiwa dawa za kifafa, au kuambiwa wana tatizo la akili, ni jambo linalojirudia sana katika historia ya ugonjwa huu. Kinachoutambulisha ni mambo matatu ambayo daktari wa upasuaji wa Marekani, Allen Whipple, aliyaweka pamoja katika miaka ya 1930: dalili za sukari kushuka, kipimo kinachoonyesha kweli imeshuka, na dalili kuondoka sukari inaporudishwa. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameshayaona mawili. La kati lilihitaji tone la damu.

Na lile swali la muuguzi. Insulini ya kuchoma kwa sindano huacha alama yake: mwili unapotengeneza insulini yake hutoa pia kipande kiitwacho peptidi C, na insulini ya sindano haina kipande hicho. Lakini baadhi ya vidonge vya kisukari, vya jamii ya sulfonilurea, huilazimisha kongosho yenyewe itoe insulini, na peptidi C hupanda vilevile kama kwenye uvimbe. Bila kuondoa uwezekano huo, mtu angeweza kupasuliwa kutafuta uvimbe ambao haupo. Lilikuwa swali la kumlinda. Lakini liliulizwa kwa mwanamke aliyenuswa mdomo akiwa usingizini, naye akalisikia kwa masikio hayo.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Unaniambia amekataa upasuaji. Ninachosoma mimi ni kwamba amesema amechoka kuwa mikononi mwa watu. Je, una hakika hayo ni maneno yaleyale? Anaweza kuwa anaogopa kisu. Anaweza kuwa anaogopa kulala usingizi wa dawa huku watu waliokosea mara nyingi wakiamua juu ya mwili wake. Anaweza kuwa anaogopa jambo lililompata baba yake. Umeshamuuliza ni lipi, ukanyamaza mpaka akamaliza? Katika barua nzima nimesikia sauti yake mara mbili tu, na zote mbili alikuwa anajitetea.

Kuhusu Steve Jobs, ni kweli hakuwa na ile saratani ya kongosho inayojulikana zaidi, ile inayoota kwenye mifereji ya maji ya kusagia chakula na inayoua haraka. Wake ulikuwa uvimbe wa seli za homoni. Uligunduliwa mwaka 2003, akapasuliwa 2004, akafariki 2011. Lakini hata ndani ya jamii hiyo kuna tofauti kubwa. Nyingi hazitoi homoni yenye kuleta dalili, kwa hiyo hukua kimya. Zipo zinazotoa gastrini, homoni inayoongeza asidi tumboni, na kuchimba vidonda vya tumbo visivyopona, kama madaktari Zollinger na Ellison walivyoeleza mwaka 1955. Zipo za glukagoni, homoni ya kupandisha sukari, ambazo huleta upele unaohamahama na kisukari, na zipo zinazoharisha maji matupu hadi potasiamu ikaisha mwilini. Hizo nyingine zina uzito wake. Insulinoma, kwa upande wake, karibu tisa katika kila kumi si saratani, na nyingi hazifiki sentimita mbili. Ya mke wako ni milimita 13. Jibu la mwisho hutolewa na maabara baada ya uvimbe kutoka, kwa hiyo usimwapie. Ila kisa cha kaka yako si kisa chake.

Njia alizonazo ni zaidi ya mbili, na nadhani hajaelezwa zote akiwa ametulia. Upasuaji ndiyo njia iliyozoeleka ya kuponya kabisa. Tangu mwaka 1929, Roscoe Graham alipomtoa mgonjwa uvimbe huu mjini Toronto na kumponya, hilo halijabadilika. Uvimbe ukikaa mbali na mfereji mkuu wa kongosho unaweza kufukuliwa peke yake. Ukiukaribia, hukatwa mkia wa kongosho, wakati mwingine pamoja na bandama, na asiye na bandama huhitaji chanjo za kumkinga na maambukizi fulani. Mara nyingi hufanyika kwa matundu madogo. Hatari inayowasumbua zaidi madaktari ni maji ya kongosho kuvuja baada ya operesheni. Yana vimeng'enya vinavyounguza, na huweza kumweka mtu na mrija wa kuyatoa kwa majuma kadhaa. Kisukari huweza kufuata pia, hasa kikikatwa kipande kikubwa. Anayo haki ya kumuuliza daktari wake amefanya operesheni za kongosho ngapi. Swali hilo si utovu wa adabu.

Diazoksaidi huzuia insulini isimwagike, lakini uvimbe huuacha palepale. Kuvimba miguu ni jambo linalojulikana, kwa kuwa hubakiza chumvi na maji mwilini, na wengi huongezewa dawa ya kukojoza. Huweza pia kuotesha nywele mahali ambapo mwanamke hazitaki, na pengine hajakwambia. Mwambie amweleze daktari. Wapo wanaoishi nayo muda mrefu. Lakini sukari inayoendelea kushuka ikiwa dawa inatumika ni habari ambayo daktari anapaswa kuiona, kwa hiyo lile daftari lako litoke mezani liende kliniki. Jambo jingine la kuogofya ni kwamba sukari ikishuka mara nyingi mwili huzoea, ukaacha kutoa jasho la onyo. Mtu hufika kwenye kuchanganyikiwa moja kwa moja, pengine akiwa kwenye usukani.

Ipo pia njia ya kuuchoma uvimbe kwa joto, sindano ikiongozwa na endoskopi, mrija wenye kamera, kupitia tumboni, kama walivyouona kwa ultrasaundi. Ni changa, haipatikani kila mahali, huweza kuifanya kongosho nzima ivimbe na kuuma, na wagonjwa waliofuatiliwa miaka mingi bado si wengi. Kwa mtu anayesema amechoka, huenda kujua tu kwamba ipo kukamfungulia mdomo wa kuuliza.

Sasa baba mkwe. Mawe ya figo ni ugonjwa wa kawaida, na shingo hupasuliwa kwa sababu nyingi. Lakini viwili hivyo vikikutana kwa mtu ambaye binti yake ana insulinoma, daktari yeyote atauliza juu ya tezi za parathiroidi, zile nne ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu. Zikizidisha kazi, kalsiamu hupanda na mawe hujitengeneza. Upo ugonjwa wa kurithi unaoziunganisha na kongosho na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, uitwao MEN1, ambao jeni yake ilitambuliwa mwaka 1997. Ni wachache tu kati ya wenye insulinoma walio nao, kama mmoja katika kumi au pungufu. Lakini mwenye nao mara nyingi ana vivimbe zaidi ya kimoja, na daktari asiyejua anaweza kutoa kile kimoja na kuacha kinachoendelea kumwaga insulini. Kupima kalsiamu kwenye damu ni kazi ndogo. Kwa hiyo swali hili lina faida kwake mwenyewe, leo, kabla mtoto hajatajwa.

Kwa mtoto, kama mama anao, uwezekano wa kurithi ni nusu kwa nusu. Mkeo anaona kwamba wakijua watamgeukia. Ni kweli, kutakuwa na vipimo vya kila mara na wasiwasi usiokwisha. Upande wa pili, watoto wa familia hizo hufuatiliwa tangu utotoni, na uvimbe kama wa mama yake hukamatwa kabla ya miaka mitatu ya kuitwa majina. Sijui mama huyu angechagua lipi akiyaona yote mawili yamewekwa mezani. Naona hajawekewa.

Ukienda kwa daktari kimyakimya, utakuwa umelinda operesheni na huenda ukawa umemthibitishia kwamba hata wewe huaminiki. Ukinyamaza, daktari atapanga kazi yake kwa habari pungufu, nawe unajua ni pungufu. Ipo nafasi kati ya hayo mawili. Unaweza kumwambia: nilikaa kimya siku ile na kimya kile kinanikosesha usingizi, naomba ruhusa yako tuliseme. Unaweza kumwomba muulize tu, bila kumtaja mzee, habari za ukoo zingebadilisha nini. Au aanze yeye kwa mama yake au ndugu zake, aulize shingo ya baba ilipasuliwa kwa nini. Huenda ikawa ni jambo lingine kabisa. Akikataa yote, niandikie, tutazungumza upya tukiwa na hilo mkononi.

Umejiita mume mwenye deni. Neno hilo limenitia wasiwasi. Jiulize, mwanangu, unapotaka apasuliwe upesi, ni kwa sababu ya uvimbe wake, au kwa sababu akipona utajiona umelipa? Anaweza kuwa anakusikia hivyo. Maneno yale uliyasema mbele ya mama yako. Kuomba radhi chumbani ni sawa, lakini mama yako bado amebaki na kauli ya kwanza. Hilo lina njia yake, wala halisubiri operesheni.

Usiku huu, wakati mnaendelea kutafakari: akiwa anaweza kumeza, mpe kitu kitamu, pima tena baada ya robo saa, kisha apate chakula cha kushikilia. Akizimia, usimtie chochote mdomoni, kitamkaba. Mlaze ubavu, uite msaada wa dharura. Asiendeshe gari mpaka daktari aseme. Na binti yako afundishwe hayo pia, kwa utaratibu, maana kwa sasa anayafanya peke yake gizani. Ile chupa chini ya kitanda chake bado ipo? Kama ipo, kaa naye hapo chini, umwambie yeye ndiye aliyeliona kwanza.